Mashine ya Kukatakata Matawi na Msumeno wa Mnyororo: Kufuata Dalili hadi Chanzo cha Hitilafu

Mashine ya kukatakata matawi inapoanza kusumbua, lawama ya kwanza huiangukia injini, pengine kwa sababu injini ndiyo inayopiga kelele. Hata hivyo, sehemu kubwa ya matatizo ya mashine hizi huanzia kwenye makali ya visu na pengo lililo mbele ya makali hayo, kisha hujitokeza mahali pengine kabisa: bomba la kutolea vibanzi huziba, mikanda huungua, rola za kuingiza matawi hukataa kuvuta, na injini huonekana kuishiwa nguvu. Kwa hiyo mwongozo huu unaanza pale mti unapokatwa na kurudi nyuma kuelekea kwenye injini. Msumeno wa mnyororo na vifaa vingine vya kazi ya miti vinafuata baadaye, kwa kuwa navyo huchunguzwa kwa mtindo huohuo.

Kabla ya kufungua kifuniko

Hitilafu nyingi zinazoelezwa hapa zinahitaji kufungua kifuniko cha visu, na hapo ndipo ajali mbaya hutokea. Zima injini, toa ufunguo na ubaki nao mwenyewe. Kwa injini ya petroli, chomoa pia waya wa plagi. Kwa mashine inayoendeshwa na trekta, zima trekta na uvue shafti inayoiunganisha na mashine. Diski au pipa linalobeba visu ni zito, nalo linaweza kuendelea kuzunguka kwa dakika kadhaa baada ya injini kunyamaza. Likishasimama kabisa, lifunge kwa pini yake. Diski isiyofungwa inaweza kuzunguka yenyewe kisu kimoja kikishaondolewa, kwa sababu upande mmoja umekuwa mzito kuliko mwingine, na uzito huo unatosha kukata kidole ingawa injini imezimwa.

Wakati wa kazi, hakuna sababu yoyote inayohalalisha kuingiza mkono au mguu kwenye mdomo wa mashine. Tawi lililokwama husukumwa kwa tawi jingine refu, au hurudishwa nje kwa kugeuza mzunguko wa rola. Glavu zenye mikono mipana, kamba zinazoning'inia na nguo zisizobana hazina nafasi mbele ya rola, kwa kuwa tawi lenye vitawi vingi hunasa chochote kinachoning'inia na huvutwa kwa kasi kuliko mtu anavyoweza kujinasua.

Vibanzi vinaeleza nini

Kabla ya kushika spana, chota konzi ya vibanzi vilivyotoka punde na uvitazame kwenye mwanga. Mashine iliyo sawa hutoa vibanzi vifupi, vyenye ukubwa unaokaribiana, na kingo zake zimekatwa safi. Vibanzi vikiwa virefu na vyenye nyuzinyuzi, huku magome yakitoka kama kamba, ama visu ni butu ama pengo kati ya kisu kinachozunguka na kisu tuli kilichofungwa kwenye fremu limekuwa pana mno, kiasi kwamba mti unakunjwa na kuchanwa badala ya kukatwa. Vumbi likiwa jingi kuliko vibanzi, visu vinasugua, au vibanzi vimekosa njia ya kutoka na vinakatwa tena na tena ndani ya chumba cha visu. Vibanzi vinene vikichanganyika na vyembamba kwa mpangilio unaojirudia, kuna kisu kimoja kilichomeguka au kilichofungwa vibaya. Kumbuka tu kwamba mti mkavu hutoa vumbi zaidi hata visu vikiwa vikali, kwa hiyo linganisha vibanzi vya mti mbichi na vya mti mbichi.

Pengo hilo kwa mashine nyingi ni kati ya milimita 1 na 3, lakini kipimo cha kufuata ni kile kilichoandikwa kwenye kitabu cha mashine husika. Lipime kwa kipimo cha bapa (vipande vyembamba vya chuma vyenye unene unaojulikana) kwenye ncha zote mbili za kila kisu, ukizungusha diski taratibu kwa kipande cha mti na si kwa mkono. Ncha moja ikiwa na pengo pana kuliko nyingine, kisu tuli kimepinda, kimeliwa upande mmoja, au bolti zake zimelegea. Kisu tuli husahauliwa sana, ilhali nacho kina makali yanayochakaa. Kwenye mashine nyingi kinaweza kufunguliwa na kugeuzwa ili kutumia ukingo ambao haujaguswa.

Visu hunolewa vyote kwa pamoja, kwa pembe ileile ya kiwandani, na hubaki na upana na uzito sawa, kwa sababu tofauti ndogo ya uzito inakuwa tatizo kubwa diski inapozunguka kwa kasi. Kunoa kwa jiwe kavu linalozunguka kwa kasi ni hatari kwa chuma: ukingo ukigeuka rangi ya buluu, ugumu wake umepotea na makali hayatadumu, hata kama yanakwaruza kucha vizuri siku hiyo. Wakati wa kurudisha visu, futa utomvu na vumbi kwenye sehemu ambayo kisu kinakalia, tumia bolti za daraja lililoagizwa na mtengenezaji, na uzikaze kwa spana yenye kipimo cha nguvu. Bolti ya dukani inayofanana kwa umbo haifai mahali hapa.

Visu vipya vikipoteza makali mapema, tafuta udongo. Mizizi yenye mchanga, matawi yaliyoburutwa kwenye matope, misumari, nyaya za ua na takataka zilizofagiliwa pamoja na majani humaliza makali kuliko mti mgumu wowote. Dawa yake ni kubadili jinsi matawi yanavyokusanywa: yalazwe yakielekea upande mmoja, mashina mbele, bila kufagia ardhi na kutupa kila kitu mdomoni mwa mashine.

Rola hazivuti, au zinavuta na kuacha

Hapa kuna hali mbili ambazo watu huzichanganya. Kama rola zinazunguka lakini tawi linateleza, mfumo wa haidroliki, yaani mafuta yenye shinikizo yanayozungusha rola, hauna kosa. Angalia kwanza kama meno ya rola yamejaa magome au yamelika, kisha angalia springi zinazoikandamiza rola ya juu, kwani springi iliyokatika upande mmoja huiacha rola ikae kishingo upande na kushika ncha moja tu ya gogo. Rudi pia kwenye visu: kisu kikali huuma mti na kusaidia kuuvuta ndani, ilhali kisu butu huupiga na kuusukuma nje, na hapo mwendeshaji huona gogo likirukaruka mbele ya rola na kudhani rola ndizo dhaifu.

Kama rola hazizunguki kabisa, anza na mambo mepesi. Mashine nyingi zina mtambo unaopima mizunguko ya injini au ya diski na kusimamisha rola inaposhuka chini ya kiwango kilichowekwa, ili visu vipate nafasi ya kumaliza kilichomo. Injini ikiwa kwenye mzunguko wa nusu, rola hazitaanza, na mashine haina hitilafu yoyote. Kihisi cha mizunguko kikichafuka, kikisogea kutoka mahali pake, au waya wake ukikatika, matokeo ni hayohayo ingawa injini iko kwenye kasi kamili. Hakikisha pia kwamba upau wa dharura ulio kwenye mdomo wa mashine haujasukumwa na kubaki katika hali ya kusimamisha. Upau huo usifungwe kamwe kwa waya au kamba ili “usisumbue”, kwa maana ndio unaotegemewa kumwokoa mtu aliyenaswa.

Hayo yakiwa sawa, kagua mafuta ya haidroliki. Kiwango kikiwa chini, au mafuta yakiwa na povu, pampu inavuta hewa. Yakiwa na rangi ya maziwa, yameingiwa na maji. Rola zinazofanya kazi vizuri asubuhi na kudhoofika baada ya mashine kupata joto huashiria pampu au mota iliyochakaa ndani, kwa sababu mafuta ya moto ni mepesi na hupenya kwenye nafasi zilizolika. Rola zinazozunguka zikiwa tupu lakini husimama mara tu zinapokutana na gogo huelekeza kwenye vali ya kupunguza shinikizo, ambayo inaweza kuwa imekwama wazi kwa sababu ya kipande kidogo cha uchafu. Usiikaze vali hiyo kwa kukisia. Ipimwe kwa geji. Uvujaji wa mafuta nao hutafutwa kwa kipande cha kadibodi na si kwa kiganja, kwani mafuta yenye shinikizo kubwa yanayotoka kwenye tundu dogo hupenya ngozi, na jeraha linaloonekana kama la sindano huhitaji hospitali mara moja.

Bomba la kutolea vibanzi linaziba

Ni nadra bomba lenyewe kuwa na kosa. Vibanzi hurushwa na mapezi yaliyo kwenye diski au kwa kasi ya pipa, na chochote kinachopunguza kasi hiyo huziba bomba: injini isiyofikia mizunguko yake, mkanda unaoteleza, mapezi yaliyolika, au visu butu vinavyotoa nyuzi badala ya vibanzi. Majani mabichi yenye maji mengi na makuti ya mnazi au mtende huziba hata mashine nzuri yakiingizwa peke yake, kwa sababu hayana uzito wa kurushwa mbali. Yachanganye na matawi yenye mti mgumu, ambayo vibanzi vyake husukuma yale mepesi nje. Kuna pia tabia ya kuinamisha mno kifuniko cha ncha ya bomba ili vibanzi vianguke karibu, na tabia ya kuzima injini mara tawi la mwisho linapoingia. Iache mashine izunguke tupu kwa muda mfupi hadi bomba lisafike.

Bomba likishaziba, zima kila kitu kama ilivyoelezwa juu na uondoe uchafu wote kwa kijiti kabla ya kuwasha tena. Kuwasha mashine iliyojaa kwa matumaini kwamba itajisafisha ndiyo njia ya haraka ya kuunguza mikanda.

Mizunguko inashuka chini ya mzigo

Sikiliza injini yenyewe. Ikiwa sauti ya injini haibadiliki lakini diski inapungua kasi, nguvu inapotea njiani, na mara nyingi ni kwenye mikanda. Harufu ya mpira ulioungua, mlio mkali wakati gogo linapoingia, na ukingo wa mkanda unaong'aa kama kioo ni ushahidi wa kutosha. Mikanda inayofanya kazi pamoja hubadilishwa yote kwa mara moja, kwa sababu mpya mmoja kati ya mikuukuu hubeba mzigo wote, na mikanda mipya hukazwa tena baada ya saa za mwanzo za kazi kwa kuwa hurefuka kidogo.

Ikiwa injini nayo inazama, kuna sababu tatu za kuangalia kwa mpangilio. Ya kwanza ni chujio la hewa, kwa sababu mashine hii hufanya kazi ndani ya vumbi lake yenyewe. Ya pili ni mafuta: kwa dizeli, chujio lililoziba au maji ndani ya tangi, kwa petroli, mafuta yaliyokaa muda mrefu na kuacha utando ndani ya kabureta. Ya tatu ni joto. Rejeta iliyojaa vumbi na majani hupoteza uwezo wa kupoza, nayo hupulizwa kwa hewa kutoka ndani kwenda nje, kinyume cha njia ambayo uchafu uliingilia, kwa shinikizo ambalo halipindi mapezi yake. Kwa mashine ya trekta, kagua kwamba shafti inazunguka kwa kasi iliyoagizwa, ambayo kwa nyingi ni mizunguko 540 kwa dakika. Trekta isiyo na nguvu ya kutosha haitaitunza kasi hiyo hata ikifanyiwa matengenezo ya namna gani.

Mtetemo

Swali la kuuliza ni kama mtetemo ulianza ghafla au ulikua polepole. Ulioanza ghafla unamaanisha kwamba kitu kimevunjika, kimehama au kimenasa, na mashine inapaswa kuzimwa papo hapo: kisu kimemeguka, bolti imelegea, au kamba na magome yenye nyuzi yamejizungusha kwenye shafti. Vibanzi vilivyogandamana nyuma ya diski baada ya mashine kulala na unyevu huleta mtetemo uleule asubuhi, na huondoka kwa usafi tu. Ulioanza mara baada ya visu kubadilishwa ni suala la uzito usiolingana au uchafu chini ya kisu kimoja.

Mtetemo unaokua taratibu kwa wiki nyingi huelekeza kwenye beringi. Linganisha joto la beringi mbili za shafti kuu kwa kipimajoto kisichogusa baada ya kazi ya kawaida. Ile yenye joto zaidi kuliko mwenzake ndiyo ya kushukiwa. Grisi nyingi kupita kiasi nayo huharibu, kwani husukuma sili nje na kuongeza joto, kwa hiyo fuata kiasi kilichoagizwa badala ya kupiga pampu hadi itoke pembeni.

Msumeno wa mnyororo

Msumeno nao hueleza hali yake kwa kile unachotoa. Ukitoa unga laini badala ya vipande, na ukilazimika kuukandamiza ili ukate, mnyororo ni butu. Ukikata kwa kupinda upande mmoja, meno ya upande mmoja ni mafupi au butu kuliko ya upande wa pili, jambo la kawaida kwa anayenoa kwa mkono bila kuhesabu idadi ya mipigo ya tupa. Meno yakiwa sawa na bado unapinda, simamisha bamba la mnyororo (chuma kirefu ambacho mnyororo huzunguka juu yake) kwenye meza tambarare na utazame kama kingo zake mbili zina kimo kimoja. Bamba hugeuzwa juu chini kila mara mnyororo unaponolewa ili lilike kwa usawa. Tupa ya duara huchaguliwa kulingana na mnyororo: minyororo midogo hutumia ya milimita 4.0, ya ukubwa wa inchi 0.325 hutumia 4.8. Kipima kina kilicho mbele ya kila jino huwa chini ya ncha ya jino kwa takriban milimita 0.65 kwenye minyororo mingi. Kikisuguliwa zaidi ya hapo, msumeno huuma kwa pupa na hatari ya kumrukia mtumiaji huongezeka.

Moshi kutoka kwenye bamba na mnyororo unaolegea haraka ni dalili za ukosefu wa mafuta ya mnyororo. Elekeza ncha ya bamba karibu na kipande cha mti cheupe bila kukigusa na uongeze mzunguko. Mstari wa mafuta usipoonekana, tundu la mafuta au mfereji wa bamba umeziba. Mnyororo ukizunguka ilhali kifyatuo kimeachwa, punguza mzunguko wa chini kwa skrubu yake. Ukiendelea, springi za klachi zimechoka, na msumeno huo usitumike hadi zibadilishwe.

Injini ya msumeno inayowaka vizuri na kuzimika baada ya dakika chache mara nyingi haina ugonjwa wa kabureta. Legeza kifuniko cha tangi: ikisikika hewa ikiingia na msumeno ukapata nguvu tena, tundu la kupumulia la tangi limeziba. Ukosefu wa nguvu kwenye kasi ya juu pekee unaweza kutoka kwenye chujio la petroli lililo ndani ya tangi, au kwenye wavu wa kuzuia cheche uliojaa masizi. Mchanganyiko wa mafuta nao hauna nafasi ya kukisia. Kwa uwiano wa 50 kwa 1, lita 5 za petroli huchukua mililita 100 za oili, na petroli tupu humaliza pistoni kwa muda mfupi sana.

Kisaga visiki, kamba na mikanda ya kupandia

Kisaga visiki kinachorukaruka juu ya kisiki kina meno yaliyolika au yaliyogeuka kwenye vishikizo vyake, au mwendeshaji anazamisha gurudumu kwa kina kikubwa mno kwa mara moja. Gurudumu likate kwa tabaka jembamba, kutoka upande hadi upande. Kamba na mikanda ya kupandia miti haitengenezwi. Kamba iliyokatika nyuzi, iliyong'aa kwa joto la msuguano, iliyokakamaa mahali fulani au iliyomwagikiwa na kemikali hutolewa kazini na kukatwa vipande, ili mwingine asiiokote akadhani ni nzima.

Hitilafu ambayo spana haiiondoi

Kuna mashine zinazorudi kwa fundi kila mara kwa sababu zilichaguliwa vibaya. Kipenyo kinachotangazwa na mtengenezaji ni kikomo cha kinachoweza kupita, na si ukubwa ambao mashine itaufurahia siku nzima. Kwa maoni yangu, matawi ya kila siku yasizidi theluthi mbili ya kipenyo hicho, na yawe chini zaidi kama miti ni migumu au mikavu. Mashine ya diski hutoa vibanzi vinavyolingana na ni rahisi kuitunza, ilhali ya pipa humudu matawi yenye vitawi vingi na mdomo mpana kwa umbo lililobana zaidi. Mashine isiyo na rola, ambayo tawi huteremka kwa uzito wake, inafaa bustani. Kwa kazi ya kulipwa itamchosha mtu kabla ya kuchoka yenyewe. Kwa anayekata makuti na mianzi kwa wingi, jambo la kutazama kwanza ni jinsi shafti na beringi zilivyokingwa dhidi ya nyuzi zinazojizungusha.

Uliza pia inachukua muda gani kubadilisha visu, kwa sababu mashine inayohitaji nusu siku kufunguliwa itaendeshwa na visu butu, na kila kilichoelezwa hapo juu kitafuata. Beringi na mikanda ya vipimo vya kawaida ina thamani kuliko urembo wowote wa paneli. Kwa mashine iliyotumika, fungua kifuniko na upime upana uliobaki wa visu, angalia kama ukuta wa ndani wa chumba umelika hadi kuwa mwembamba, linganisha uchakavu wa meno ya rola na saa zilizoandikwa kwenye kipima saa, na usikubali kuikuta tayari imepashwa moto: iwashwe ikiwa baridi mbele yako, ilishwe gogo lenye unene halisi wa kazi yako, kisha uchote vibanzi vyake.